Kipande cha Pili cha Episodi ya Kumi na Nne

Melania alikuwa na miaka hamsini na minne alipogundua kwamba kompyuta haijui neno "kipande".

Ilikuwa Jumamosi mchana, nyumbani kwake Ndembezi, mjini Shinyanga. Alikuwa ameketi kwenye meza ya sebuleni, kanga kiunoni, miwani ya kusomea imeshuka puani, anaandika kwa kidole kimoja. Kando yake, kwenye kiti kilichowekewa mto mgongoni, alikaa mumewe Mabula, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu kiharusi kimpige. Mguu ulirudi kidogo, mkono haukurudi kabisa, na maneno yaliyobaki mdomoni mwake hayakuzidi manne matano: ndiyo, siyo, ngoja, mimi, na mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ambalo ndilo alilomwitia mkewe tangu walipooana.

Mtu mwingine angenyamaza na maisha yakaendelea. Lakini Mabula alikuwa ameishi kwa mdomo wake.

Alizaliwa Kishapu, katika nyumba ya wakulima wa pamba, akaenda kwenye machimbo ya Nyarugusu kijana wa miaka ishirini na kitu baada ya kusikia kuna rashi, dhahabu imetoka na watu wanakimbilia. Alishuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, miaka miwili. Mwaka wa tatu jiwe lilimwangukia nyonga, na mtu wa nyonga mbovu hashuki shimoni. Wenzake walidhani atarudi kwao. Yeye akaazima televisheni, deki na jenereta, akajenga banda la mabati na magunia, akaanza kuonyesha sinema za nje. Na kwa kuwa watazamaji wake walitoka kila pembe ya nchi na hakuna aliyejua Kichina wala Kikorea, Mabula alishika maikrofoni akawa anawaeleza kwa Kiswahili, hapa na pale akidondosha Kisukuma.

Alikuwa hatafsiri, maana hata yeye hakijui hicho Kikorea. Alikuwa anatunga. Alitazama nyuso, akatazama nani ana upanga na nani analia, akajua hadithi. Wakati mwingine alisimamisha picha kabisa, mfalme amebaki mdomo wazi, akawaeleza watu kwa nini mfalme huyu ni mjinga. Ndiyo maana episodi ya saa moja kwake ilikwenda saa moja na nusu, na sidii moja haikutosha. Fundi mmoja wa kutoka Mwanza aliyeitwa Gregory alikuja na kompyuta yake, akaunganisha nyaya, akawa anarekodi picha, sauti ya Mabula na kelele zote za banda. Kila episodi ilikatwa vipande viwili, nyingine vitatu, kila kipande sidii yake. Sidii hizo zilisafiri mpaka Katoro, Runzewe, Kahama na Chato.

Melania alikuwepo tangu mwanzo. Alikuwa binti wa Kizinza aliyekuja kuuza chai na maandazi mlangoni mwa banda, kisha akawa anakaa mlangoni mwenyewe, kisha akawa mke wa mwenye banda.

Tamthilia iliyopendwa kuliko zote waliionyesha mwaka 2007, kila Jumatano na Jumamosi. Jina lake la kwao hakuna aliyeweza kulitamka. Nyarugusu nzima iliiita Binti wa Chumvi, kwa sababu ilimhusu msichana aliyechota chumvi pwani akaishia jikoni kwa mfalme. Ilikuwa na episodi ishirini na nne.

Sasa hizo ishirini na nne ndizo zilizomkalisha Melania mezani. Krismasi iliyopita binti yao Limi, ambaye ni mwalimu Bariadi, aliwaletea televisheni mpya na kompyuta iliyotumika. Alilitoa kabatini boksi la sidii za zamani, akazihamishia zote kwenye kompyuta, akaweka na programu ya maktaba ya video ambayo ingezipanga na kuzionyesha kwenye televisheni kwa picha na majina. Lakini likizo ilikwisha kazi ikiwa nusu. Maandishi ya kalamu juu ya sidii yalikuwa yamefutika zamani, na ndani ya kila sidii faili lilikuwa na jina lilelile, AVSEQ01, kama watoto hamsini wa darasa moja wote wanaitwa Masanja. Kompyuta ilijiongezea namba tu kwa jinsi zilivyoingia.

Matokeo yake, programu ilisema Binti wa Chumvi ina episodi hamsini na mbili. Ukibonyeza ya kwanza unamwona binti kaolewa. Ya pili hajazaliwa.

Siku ya kwanza walipojaribu kutazama, Mabula aligonga mkono wa kiti kwa kiganja chake kizima. "Siyo," alisema. "Siyo, siyo, siyo!" Jasho lilimtoka. Melania alizima televisheni, akampa maji, na alipokuwa anamfuta uso alijiambia kwamba kazi hii ataifanya mwenyewe.

Alimpigia Limi.

"Mama, sikiliza," Limi alisema. "Hiyo programu inasoma jina la faili tu, haiangalii kilichomo ndani. Andika jina la tamthilia, halafu S01, maana yake msimu wa kwanza, halafu E na namba ya episodi. Mwishoni unaweka kipande. Vipande vya episodi moja vifanane jina herufi kwa herufi, kinachotofautiana kiwe namba ya kipande peke yake. Hapo itaviunganisha, utaviona kama kitu kimoja."

Melania akaandika: Binti wa Chumvi S01E01 kipande1. Na kingine, kipande2. Akafungua televisheni. Programu ikamwonyesha episodi ya kwanza mara mbili, kila moja imekaa kivyake.

"Umeandikaje?" Limi aliuliza.

"Kipande moja, kipande mbili. Kama ulivyosema."

Limi alicheka. "Haijui kipande, Mama. Haijui Kiswahili. Andika cd1, cd2. Herufi ndogo, usiache nafasi katikati."

"Cd? Si ndiyo sidii?"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Basi ungesema mapema. Hizo nimezibeba kichwani miaka mingapi!"

Akafuta, akaandika upya, akasubiri. Vile vipande viwili vikapotea, pakabaki picha moja, chini yake imeandikwa saa moja na dakika ishirini na saba. Melania alivua miwani. Alimgeukia mumewe kumwonyesha, na Mabula akainua kidole gumba.

Kilichobaki kilikuwa kujua kipande kipi ni cha episodi ipi, na hapo Melania peke yake asingeweza. Yeye enzi hizo alikuwa mlangoni, anaona nusu, anasikia nusu, anagombana na watu wanaotaka kuingia na mbuzi. Aliyejua ni Mabula. Wakapanga utaratibu wao. Melania anafungua faili, wanalitazama dakika moja au mbili, Mabula anafumba macho, kisha anaonyesha vidole. Kwa kumi na tatu alionyesha kimoja, akakunja ngumi, akaonyesha vitatu.

Kipande cha kwanza ulikijua kwa salamu ya Kisukuma. "Mwadila, watu wa Nyarugusu!" sauti ya Mabula kijana ilinguruma, na banda zima likaitikia. Kipande cha pili kilianza na karipio: waliotoka kukojoa wakimbie, mfalme hawezi kuwasubiri.

Melania hakuwa amejiandaa kwa sauti nyingine. Alidhani anapanga faili za tamthilia, kumbe kwenye kila faili kulikuwa na watu. Katika episodi ya sita mvua ilipiga bati mpaka Mabula akapiga kelele kuishinda. Katika ya nane mtoto aliuliza, "Baba, huyo kafa kweli au wa sinema?" na huyo alikuwa Limi, miaka minane, aliyetakiwa awe amelala. Katika ya kumi alisikia makofi makubwa ya taratibu, pa, pa, pa, akayajua kabla hajakumbuka jina. Alikuwa Chacha, Mkurya wa Tarime, aliyekuwa anapiga makofi kama mtu anayetwanga. Duara lilimfukia miaka miwili baadaye. Melania alisimamisha faili pale. Mabula akasema "ngoja", na wakangoja.

Aliikumbuka harufu ya lile banda: mafuta ya dizeli, vumbi la mawe kwenye nguo za watu waliotoka moja kwa moja kwenye karasha, zile mashine za kusagia mawe, na chai ya tangawizi. Alikumbuka jinsi wanaume waliokuwa wameshinda shimoni walivyolia waziwazi binti wa chumvi alipopigwa, na asubuhi wakikutana njiani kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyelia. Watu walitoka Kigoma, Singida, Tanga, Musoma, hawakuwa na ndugu pale, na kwa saa moja na nusu wote walikuwa na shangazi mmoja mbaya, yule mke mkubwa wa mfalme.

Wiki ya tatu kazi ilifika mwisho, na hapo ndipo Melania aliona pengo. Episodi ya kumi na nne ilikuwa na cd1 peke yake. Ilikatika pale msimamizi wa ghala la mfalme, mwizi na mfitini, anapoletwa mbele ya baraza amefungwa kamba. Alirudia kuangalia mafaili yote. Akaangalia boksi. Akamtazama mumewe.

Mabula alikuwa amegeuza uso dirishani. Midomo yake ilihangaika muda mrefu, kisha ikatoa neno ambalo Melania hakuwa amelisikia nyumbani mwao kwa miaka kumi na saba.

"Ig... nas."

Melania akakaa chini. Kumbe ndiye aliyekuwa nayo.

Ignas alikuwa mtu wa Chato, fundi na mwenye mashine ya kusagia mawe pale Nyarugusu, mtu mwenye heshima zake, hana maneno mengi. Kitu kimoja tu: kabla hajajibu swali lolote alikuwa anajikuna kidevu polepole kwa vidole viwili. Na yule msimamizi wa ghala kwenye tamthilia, kabla hajasema uongo, alikuwa anajikuna ndevu vilevile. Mabula aliona mara moja. Episodi ya tatu tu alisimamisha picha akasema, "Jamani, huyu mtu si tunamfahamu? Huyu si Ignas wa karasha?" Banda lilipasuka kwa kicheko. Tangu siku hiyo msimamizi hakuwa na jina lingine. Ignas kaiba mchele. Ignas kamsingizia binti. Watoto wakawa wanajikuna kidevu akipita. Sokoni mwanamke mmoja akamwambia, bila hata kutania, kwamba yeye watu wa aina yake hawaamini.

Episodi ya kumi na nne ilipoonyeshwa, Ignas alikuwa amekaa nyuma kabisa na mkewe Mariana. Msimamizi alipoanza kuchapwa viboko, banda zima lilihesabu. Siku iliyofuata Gregory alisema sidii moja haionekani. Wiki mbili baadaye Ignas aliuza mashine, akahama.

"Nilikuambia umwache," Melania alisema sasa, lakini hakuwa na hakika kama kweli alimwambia. Alichokumbuka vizuri ni kwamba yeye pia alicheka.

Rhoda, jirani yao wa zamani ambaye bado anaishi Nyarugusu, alimwambia kwa simu kwamba Ignas yupo Chato, anatengeneza injini za mitumbwi karibu na ziwa. Namba hakuwa nayo. Melania alimwomba mdogo wake, Klara, aje akae na shemeji yake siku mbili. Akapanda basi alfajiri, akapitia Kahama, akafika Chato jua limeanza kuelemea magharibi.

Alimkuta kwenye kibanda cha mabati, mzee mwembamba wa miaka kama sitini na tano, mikono imejaa grisi, anaosha plagi ndani ya kopo la petroli.

"Shikamoo, Mzee Ignas."

"Marahaba." Alimtazama. Mkono ulipanda kuelekea kidevuni, ukafika kifuani, akaushusha haraka akaufutia kwenye suruali. Melania aliliona hilo, na likamuuma kuliko neno lolote ambalo angeambiwa. "Wewe ni mke wa Mabula."

"Ndiye mimi. Melania."

"Karibu ukae. Kiti hicho kina mafuta, chukua hicho kingine."

Akamwagiza chai kutoka kwa mama wa jirani. Wakaulizana habari za safari, za mvua, za ziwa. Melania aliona akizungukazunguka atakosa nguvu, akasema moja kwa moja. "Mzee, nimefuata sidii. Ile ya kumi na nne."

Ignas aliendelea kuosha plagi. "Niliiba," alisema. "Sikuwahi kuiba kitu maishani mwangu, isipokuwa hicho. Niliichukua nikaivunje."

"Uliivunja?"

"Mariana alinizuia." Aliweka plagi kwenye kitambaa. "Unajua alicheka? Siku ile. Mimi nimekaa hapa, yeye hapa, wanahesabu viboko, na mke wangu anacheka mpaka anashika mbavu. Sikuongea naye siku nne. Siku ya tano nikachukua nyundo na hiyo sidii nikatoka nje. Akanifuata, akasema, Ignas, hicho unachotaka kuvunja kina kicheko changu ndani. Ukikivunja usije ukaniomba kingine."

"Mariana hajambo?"

"Alifariki. Mwaka wa nane huu."

Melania akaweka kikombe chini, akampa pole. "Mzee Ignas, hata mimi nilicheka. Nilikuwa mlangoni, nikakuona ulivyotoka umeinamisha kichwa, na bado nikacheka. Nisamehe."

"Na mumeo? Yeye amekutuma na maneno gani? Alikuwa na maneno yule."

"Hana tena." Akamweleza: kiharusi, mkono, yale maneno manne matano. Akamweleza jinsi anavyohesabu episodi kwa vidole.

"Mabula?" Ignas alisema. "Mabula hasemi?" Alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akatazama ziwa. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika. "Miaka yote hii nilikuwa najiandalia ya kumwambia. Nimeyapanga, nimeyapangua. Na yeye nilikuwa nampangia majibu, maana nilijua atanijibu tu."

Aliingia ndani akatoka na sidii imefungwa kwenye kipande cha kanga. Melania alinyoosha mkono. Ignas hakumpa.

"Hii siitoi mkononi mwangu," alisema. "Hapa sina hata mashine ya kuichezea, deki ilikufa zamani, sijamsikia huyu mwanamke miaka sita. Nitaileta mwenyewe. Nenda kamwambie Mabula nakuja."

Melania alirudi Shinyanga mikono mitupu, na kwa siku kumi hakujua amefanya jambo jema au ameleta shari nyumbani kwake. Mabula aliambiwa jioni ileile. Kesho yake alitaka kunyolewa.

Ignas alifika Ijumaa mchana, amevaa koti, begi dogo begani. Mabula alipomwona mlangoni alishika mkono wa kiti akajivuta kusimama, mguu ukitetemeka. Melania alitaka kumshika, akamkatalia kwa kichwa. Alisimama. Midomo yake ikahangaika, uso ukajikunja, mshipa wa shingo ukatutumka. Mtu aliyekuwa akiwaliza watu mia mbili alikuwa anatafuta neno moja na halimjii.

Mwishowe akajipiga kifuani kwa kiganja. "Mimi," alisema. "Mimi... siyo." Akajipiga tena. "Mimi siyo."

Ignas aliweka begi chini. "Nimekusikia, Mabula," alisema. "Kaa. Kaa kabla hujaanguka."

Akamsaidia kukaa, kisha wakabaki wameshikana mikono, wazee wawili, kila mmoja anatazama pembeni.

Sidii ilikuwa imechubuka. Mara ya kwanza kompyuta ilikoroma ikaitema. Mara ya pili ilifika katikati ikaganda. Ignas, fundi ni fundi, aliomba kitambaa laini na maji ya sabuni, akaifuta kuanzia katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha, akaikausha kwa upepo wa feni. Mara ya tatu ilikwenda mpaka mwisho. Melania akaandika jina, herufi kwa herufi kama la mwenzake, akamalizia cd2. Kwenye televisheni episodi ya kumi na nne iliruka kutoka dakika arobaini na sita mpaka saa moja na dakika thelathini na tano.

Walitazama. Mahali pengine picha ilikatika vipandevipande kama kioo kilichovunjika, lakini sauti haikukatika. Na maneno ya Mabula hayakuwa madogo kama Melania alivyotumaini. Yalikuwa makali zaidi ya alivyoyakumbuka. "Moja!" banda lilihesabu. "Mbili! Tatu!" Na kijana Mabula anasema, "Jikune sasa, Ignas, jikune tuone!" Mabula mzee aliinamisha kichwa.

Kisha kikatokea kicheko. Kilianza chini, kikapanda, kikashindwa kupumua, kikaanza upya, kicheko cha mwanamke ambaye amesahau kabisa nani amekaa karibu naye. Ignas aliinua mkono. Melania akarudisha nyuma. Wakakisikiliza tena. Akarudisha. Mara ya nne Ignas alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na alikuwa anajikuna kidevu kwa vidole viwili bila habari.

"Wallahi alikuwa anacheka vibaya yule," alisema. "Kama punda."

Ilipokwisha, aliuliza, "Halafu inakuwaje?"

"Nini?"

"Huyu msimamizi. Mimi niliishia hapa. Sikurudi tena bandani, kisha nikahama. Walimuua?"

Melania na Mabula wakatazamana. Kwa miaka kumi na saba haikuwa imewapitia akilini kwamba mtu huyu hakuijua iliyobaki. Na Mabula akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue: alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Akanyoosha vidole viwili, akakunja ngumi, akanyoosha kimoja.

"Ishirini na moja," Melania alisema. "Mzee, hutaondoka kesho. Lazima uione ishirini na moja."

Hakuondoka kesho. Walianza na kumi na tano asubuhi, wakala, wakaendelea, Klara akaja kutembea akajikuta amekaa, na kila episodi ilipita nzima bila kukatika, kipande kikiingia kwenye kipande, isipokuwa lile karipio la katikati kwa waliotoka kukojoa. Jumapili baada ya misa wakafika ishirini na moja.

Katika episodi hiyo msimamizi wa ghala, aliyechapwa na kufukuzwa, anarudi ikulu inapowaka moto. Anajua milango yote ya ghala, na hakuna mwingine anayeijua. Anamtoa binti wa chumvi na watoto wa jikoni mmoja mmoja, na anabaki ameshikilia boriti ya mlango kwa mabega mpaka wa mwisho apite. Bandani hapakusikika kitu. Hata Mabula kijana alikuwa amenyamaza, na yeye kunyamaza kulikuwa jambo la ajabu. Kisha sauti moja nyuma ikasema, "Ignas." Nyingine ikadakia. Kisha banda lote, watu mia mbili, wanapiga miguu chini, mabati yanatetemeka: "Ignas! Ignas! Ignas!"

Na maikrofoni ikasikika, taratibu. "Ndugu zangu, huyu mtu tumemcheka sana. Bahati mbaya mwenye jina ameshaondoka."

Ignas alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti, viganja magotini. "Hii ilikuwa lini?" aliuliza.

"Wiki mbili tangu uhame," Melania alijibu. "Haikutimia hata."

"Wiki mbili." Akatikisa kichwa. "Na Mariana alisema tusubiri mwezi uishe."

Mabula hakumwondolea macho. Melania akainuka kupasha chai, maana aliona hao wawili hawamhitaji.

Jumatatu Ignas aliondoka na flashi kwenye mfuko wa koti, episodi zote ishirini na nne zimepangwa, na sidii yake imerudi kwenye kanga. Mabula alimsindikiza mpaka getini kwa fimbo.

Siku ya Alhamisi simu iliita. Ignas alikuwa kwa jirani yake Chato, ameichomeka flashi kwenye televisheni, na alikuwa amekasirika. "Mke wa Mabula, hii televisheni inanionyesha vipande hamsini na tatu! Kila kimoja peke yake!"

"Hiyo haina programu ya kuviunganisha, Mzee. Soma majina. Anza na E01, cd1. Ikiisha ufungue cd2 kwa mkono."

"Kama bandani."

"Kama bandani."

Melania akamsikia anabonyeza, anamgombeza mtu asimame pembeni, anabonyeza tena. Melania aliweka simu kwenye meza, sauti imefunguliwa, akamsogezea mumewe kiti. Kwa mbali, kutoka kando ya ziwa, ikatoka sauti ya kijana mwenye mapafu mazima akiwasalimu watu wa Nyarugusu.

"Mwadila," Mabula akaitikia, polepole, upande mmoja wa mdomo. Melania alimgeukia. Hilo neno halikuwa kati ya yale manne matano.